Tambi za jioni kwa watu wawili, bila nyama

Je, msomaji, jioni unapofika nyumbani umechoka na mko wawili tu, hupika nini? Katika nyumba nyingi za mjini jibu limekuwa moja. Maji huchemshwa, pakiti mbili za tambi hufunguliwa, kile kipakiti kidogo cha viungo humwagwa chote ndani ya sufuria, na baada ya dakika tano watu wanakula. Wengi huziita tambi hizo Indomie hata kama zimetengenezwa na kampuni nyingine. Ni rahisi kupika, hazimalizi gesi wala makaa, na hushibisha kwa muda.

Sisemi kwamba tambi ni sumu. Wapo wanaosema hivyo, na mimi sikubaliani nao. Tambi ni unga wa ngano kama chapati, na sijamwona mtu wa kwetu anayeikimbia chapati. Shida iko katika mambo mawili: kile kinachotiwa ndani ya tambi hizo, na kile kinachokosekana. Leo tutajifunza kupika mlo wa tambi wa watu wawili, usio na nyama, ambao mtu mwenye presha anaweza kuula bila hofu na mama mjamzito akapata ndani yake kitu cha maana. Ukiwa na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, kazi yote ni ya nusu saa.

Mimi hutibu watu wa Kisii na Nyamira, kwa hivyo mifano yangu itatoka huku. Msomaji wa Nairobi au Nakuru asione ametengwa. Mboga nitakazozitaja anazipata katika masoko ya huko, na nyingi kati yake husafirishwa usiku kutoka mashamba ya huku kwetu.

Ni akina nani hasa wanaokula tambi hizi? Kundi la kwanza unalijua: vijana wawili waliooana juzi, wamepanga chumba Mwembe au Jogoo mjini Kisii, wote wanafanya kazi, na hakuna mwenye nguvu ya kusonga ugali saa mbili usiku. Kundi la pili huenda likakushangaza. Ni wazee. Baba na mama wamebaki wawili nyumbani Nyamira, watoto wamehamia mijini. Mikono ya mama haina tena nguvu ya kusonga ugali wa wimbi, na meno ya mzee yamepungua. Mtoto akija nyumbani mwezi wa Desemba huwaletea katoni nzima ya tambi. Ni zawadi ya upendo, na wazee huipenda kwa kuwa ni laini na hupikika upesi.

Lakini mama huyo ana presha. Amepewa dawa na huzimeza kila asubuhi kama alivyoagizwa. Hata hivyo, akija kliniki na kupimwa, presha bado imepita 140 kwa 90. Daktari anaongeza dawa. Mwezi unaofuata hali ni ile ile. Ukimwuliza kama anakula chumvi nyingi atakana, na wala hasemi uongo, kwa kuwa chumvi hiyo hakuitia yeye. Ilikuja imefungwa ndani ya kipakiti.

Chumvi iliyojificha

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Kiasi hicho ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kinahesabu kila kitu: chumvi ya ugali wa mchana kama hutiwa, ya mboga, ya mkate wa asubuhi na ya njugu ulizotafuna ukiwa kwenye matatu.

Sasa chukua pakiti ya tambi uigeuze usome nyuma. Mara nyingi hutaona neno chumvi bali sodiamu, ambayo ni ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Tuseme pakiti yako imeandikwa miligramu 1,000 za sodiamu. Hiyo ni chumvi miligramu 2,500, yaani gramu 2.5, nusu ya chumvi ya siku nzima. Mtu mwenye njaa hali pakiti moja. Akila mbili amemaliza gramu zote 5 kwa sahani moja, kabla hatujahesabu alichokula asubuhi na mchana. Pakiti hutofautiana, ndiyo maana nasema usome yako mwenyewe.

Sehemu kubwa ya chumvi hiyo imo katika kipakiti cha viungo. Ukikitupa umeondoa tatizo kubwa kwa mara moja. Kinachobaki kimechanganywa na unga wenyewe, na kiasi fulani hutoka ukimwaga maji uliyochemshia. Vilevile, tambi nyingi za aina hii hukaangwa kwa mafuta kiwandani ndipo zikauke na kuiva haraka, kwa hivyo maji hayo huondoka na mafuta kidogo pia. Spageti za kawaida hazikaangwi, na nyingi hazina chumvi yoyote. Zinachukua dakika chache zaidi jikoni, na kwa mtu mwenye presha ni afadhali mara nyingi.

Nionye pia kuhusu vidonge vya supu na ule unga wa kukoleza mchuzi. Kiungo cha kwanza kinachoandikwa kwenye karatasi zake mara nyingi ni chumvi. Ukitupa kipakiti cha tambi kisha ukatia kidonge cha supu, hujafanya kitu.

Kinachokosekana

Pakiti moja ya tambi ya gramu 70 ina protini gramu 6 au 7 hivi. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji gramu zipatazo 50 kwa siku. Ukichukua badala yake gramu 80 za spageti kavu, robo tatu ya kikombe cha maharagwe yaliyoiva na kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, sahani yako inakaribia gramu 25, nusu ya mahitaji ya siku. Tena ngano na maharagwe hukamilishana: kile ambacho protini ya ngano inapungukiwa, ya maharagwe inacho. Wazee wetu hawakusomea jambo hili, lakini waliopika mahindi na maharagwe katika chungu kimoja walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

Jambo la pili ni madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Hapa nawalenga wale vijana wa Mwembe, hasa kama mke ana mimba. Mama mwenye upungufu wa damu huanza kujifungua akiwa hana akiba, na akitokwa na damu nyingi maisha yake huingia hatarini upesi kuliko ya mwenzake. Ndiyo sababu kliniki humpa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, na lazima avimeze hata kama anakula vizuri. Chakula hakichukui mahali pa vidonge hivyo. Lakini mama anayekula tambi tupu usiku baada ya usiku anavitwika vidonge mzigo wote.

Na huku Gusii hatuna kisingizio, maana mboga zimejaa. Nenda soko la Daraja Mbili, au Keroka pale mpakani mwa kaunti hizi mbili, uone. Kuna chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani na ambayo akina mama wa huku hupikiwa wakishajifungua. Kuna rinagu, yaani mnavu au managu. Kuna majani ya maboga tunayoyaita risosa, nderema, kunde na mchicha. Mboga hizi zina madini ya chuma, kalsiamu, foliki na vitamini A. Sukuma wiki si mbaya, lakini sielewi kwa nini mtu wa Kisii ainunue kila siku huku rinagu iko kando yake.

Kwa mlo wetu wa leo napendelea rinagu au mchicha kwa sababu huiva haraka. Chinsaga ni chungu, huhitaji kuchemshwa kwanza na kupikwa polepole, wengine kwa maziwa. Ikiwa umebakiza ya jana, itumie. Ukitumia rinagu, ondoa vile vitunda vya kijani, kwa kuwa vitunda vibichi vya mmea huo vinaweza kudhuru.

Vinavyohitajika

Kwa watu wawili tafuta gramu 160 za spageti. Pakiti nyingi ni za gramu 400 au 500, kwa hivyo theluthi moja ya ile kubwa inatosha. Ikiwa nyumbani mna tambi za pakiti tu, chukua pakiti mbili na utupe vipakiti vyake vya viungo. Tafuta pia kikombe kimoja na nusu cha maharagwe yaliyoiva, fungu moja kubwa la rinagu au mchicha, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva vizuri, karoti moja, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, dania, vijiko vikubwa viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, nusu limau, na chumvi nusu kijiko cha chai. Pilipili ni hiari yako.

Kuhusu karanga, zichambue kabla ya kusaga. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala usimpe kuku. Ukungu huo unaweza kuwa na aflatoksini, sumu ambayo haiondoki kwa kukaanga na ambayo huharibu ini. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Ukambani kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Kununua karanga nzima na kusaga mwenyewe ni salama kuliko kununua unga ambao hukuona ulitokana na nini.

Maharagwe yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, halafu yaendelee hadi yalainike kabisa. Maharagwe mekundu yaliyoiva nusu yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Msomaji aliyehamia huku kutoka pwani huenda amejiuliza kwa nini maharagwe ya huku hayataki kuiva. Si maharagwe, ni mlima. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yakiwa na joto la digrii 94 badala ya 100. Nyamira iko juu zaidi. Basi chemsha mengi siku ya mapumziko, ugawe, uhifadhi kwenye friji. Asiye na friji atumie kamande, ambazo huiva kwa nusu saa au zaidi kidogo bila kulowekwa, au ndengu.

Kupika

Injika sufuria ya maji mengi, lita mbili hivi. Usitie chumvi. Wakati yanachemka, osha mboga zikiwa nzima, ndipo uzikate. Wengi wetu hukata kwanza na kuosha baadaye, na vitamini huondoka na maji. Katakata kitunguu, nyanya na karoti, ponda kitunguu saumu na tangawizi.

Maji yakitokota, tia spageti. Karatasi ya pakiti huenda ikasema dakika 8 au 10, lakini kwa sababu hiyo hiyo ya mlima ongeza mbili au tatu, ukionja. Zitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo ndani. Hili si suala la ladha tu. Tambi zilizopikwa zikawa uji humeng'enywa haraka na kupandisha sukari ya damu upesi, na mwenye kisukari anapaswa kulijua hilo. Kwa mzee asiye na meno zikate vipande vifupi badala ya kuzipika mpaka zirojeke. Kabla ya kuchuja, chota nusu kikombe cha yale maji uweke kando. Ikiwa unatumia tambi za pakiti, usichote, maji yake yote yamwage.

Katika sufuria nyingine pasha mafuta. Nimesema kijiko kimoja, tena upime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Kaanga kitunguu hadi kilainike, kisha tia kitunguu saumu, tangawizi na karoti. Baada ya dakika mbili tia nyanya na ile nusu kijiko cha chumvi, funika hadi nyanya ziwe rojo. Ikiwa mmoja wenu ana presha, tia robo kijiko tu. Tangawizi, limau na dania zitaziba pengo, na baada ya wiki mbili au tatu ulimi huzoea.

Sasa ongeza maharagwe, ukiponda machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Koroga unga wa karanga katika maji uliyoweka kando, au katika maji moto ya kawaida, uumimine humo ukikoroga ili usishike chini. Ukianza kutokota, tia mboga za majani, funika, uache dakika tano hadi nane. Rinagu iliyokomaa itahitaji zaidi. Mwishoni changanya tambi zako humo, epua, kamulia limau na nyunyizia dania. Gawa katika sahani mbili, na kama lipo parachichi, kila mmoja apate kipande.

Limau hilo si pambo. Chuma cha mboga na maharagwe hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama, na vitamini C huisaidia sana kazi hiyo. Likamuliwe baada ya kuepua, kwa kuwa moto huharibu vitamini hiyo.

Na hapa nagusa jambo ambalo halitawafurahisha wengi, katika kaunti zenye viwanda vya majani chai kama Kebirigo, Sanganyi, Nyamache na Itumbe. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Siikatazi. Nasema tu mnywe saa moja kabla ya kula au saa moja baadaye, hasa mama mjamzito na msichana anayepata hedhi nzito. Pamoja na chakula kunyweni maji.

Kuna pia wasomaji ambao hawali nyama kabisa, na huku ni wengi, wakiwemo Wasabato waliolelewa hivyo. Mradi unakunywa maziwa au kula mayai mara kwa mara, huna haja ya kuhangaika. Lakini aliyeacha nyama, maziwa na mayai vyote anakosa vitamini B12, ambayo haipatikani katika mboga za majani wala maharagwe. Upungufu wake huja polepole, kwa miaka, ukileta uchovu, ganzi ya miguu na usahaulifu, na katika mzee watu hudhani ni umri tu. Mtu wa namna hiyo atumie vidonge vya B12, na akihisi dalili hizo apimwe damu.

Najua litakuja lalamiko kwamba hicho si chakula, kwamba mwanamume hawezi kulala bila obokima. Haya, ugali wa wimbi ni chakula bora na sitaki uachwe. Huo mchuzi wa maharagwe, karanga na rinagu unaufaa vilevile. Ninachokataa ni tambi tupu na chumvi kuhesabiwa kuwa mlo wa jioni.

Kikibaki chakula, kiweke katika friji na kiliwe kesho baada ya kupashwa moto hadi kifuke mvuke kote. Bila friji, usikilaze. Mwenye ugonjwa wa figo asipike mlo huu kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa sababu maharagwe, parachichi na mboga za majani zina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu haziwezi kuitoa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla bila kumwarifu anayempima damu. Na yule mama wa Nyamira mwenye katoni ya tambi asiache dawa zake presha ikianza kushuka. Atupe vipakiti, aendelee na dawa, na arudi kupimwa baada ya mwezi mmoja, daktari ndiye atakayeamua kama zipunguzwe.